Bibi Titi Mohamed: Haki Yake Tumpe

Kila mwaka ifikapo Oktoba, tunaungana na Watanzania wengine kumkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki dunia tarehe 14 Oktoba 1999. Kwetu sisi Wakatoliki siku hiyo ina uzito wa pekee, kwa kuwa Mwalimu anaitwa Mtumishi wa Mungu, na mchakato wa kumtangaza mwenye heri ulifunguliwa katika Jimbo la Musoma. Tunasali, tunaimba, tunasimulia mema yake.

Wiki tatu baadaye, tarehe 5 Novemba, siku nyingine hupita kimya. Ni siku aliyofariki Bibi Titi Mohamed mwaka 2000, mwaka mmoja tu baada ya Mwalimu. Wengi wetu hapa Babati tunalijua jina lake kwa sababu ya barabara. Anayeshuka kwenye basi Dar es Salaam na kuelekea katikati ya mji hukutana na Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Ukimuuliza kijana yeyote huyo bibi alikuwa nani, mara nyingi utajibiwa kwamba alikuwa mpigania uhuru, na maelezo yanaishia hapo.

Katika makala haya tumeona vema kuyasimulia maisha yake yote: siku za sifa na siku za gereza. Wahenga wametufundisha kwamba mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tunaojiandaa kuwa wachungaji wa watu tunapaswa kujifunza kumpa kila mtu haki yake, hata pale historia inapokuwa ngumu kuisimulia.

Utoto na malezi

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwezi Juni 1926, katika familia ya Kiislamu yenye asili ya Kimatumbi. Baba yake, Mohamed bin Salim, alikuwa mfanyabiashara, na mama yake, Hadija binti Salim, alikuwa mkulima. Baba hakupenda binti yake aende shule. Tusimhukumu upesi. Katika Tanganyika ya wakati ule shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na wazazi wengi Waislamu waliogopa kwamba mtoto akienda huko atarudi na dini nyingine. Baba alipofariki, mama ndiye aliyeamua kumpeleka binti shule. Alisoma miaka michache tu ya shule ya msingi, akajua kusoma na kuandika. Hakupata zaidi ya hapo, na jambo hili litarudi baadaye katika simulizi letu.

Akiwa na umri wa miaka 14 hivi aliozwa kwa mwanamume aliyemzidi sana umri. Ndoa ile ilimpa mtoto mmoja, binti aliyeitwa Halima, kisha ikavunjika. Mpaka hapo maisha yake hayakuwa tofauti na ya wasichana wengi wa pwani wa kizazi chake: kufundwa, kuolewa mapema, kubaki ndani.

Kilichomtofautisha kilikuwa sauti. Bibi Titi alikuwa mwimbaji mkuu wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Vikundi vya ngoma vya akina mama wa Dar es Salaam havikuwa mambo ya kucheza tu. Vilikuwa na viongozi, michango, sherehe, na utaratibu wa kusaidiana wakati wa harusi na misiba. Wanawake kutoka makabila mbalimbali walikutana humo na kuzoeana kwa lugha moja ya Kiswahili. Kwa maneno mengine, kabla chama chochote cha siasa hakijawafikia, akina mama hao walikuwa tayari wamejiunga na wanajua kuongozana. Bibi Titi alijulikana katika vikundi hivyo, naye aliwajua viongozi wake.

Kadi namba 16

Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Bibi Titi alikuwa ameolewa tena, safari hii na Boi Selemani, dereva wa teksi. Aliyewaingiza katika chama alikuwa ndugu wa familia yao, Schneider Plantan, mmoja wa wazee wa mji waliokuwa mstari wa mbele katika siasa za Dar es Salaam. Mume akachukua kadi namba 15, mke akachukua kadi namba 16.

Wakati huo mikutano ya chama ilikuwa ya wanaume. Katikati ya mwaka 1955 alifika mgeni kutoka Chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliyekuja kuona hali ya siasa nchini. Alipoona umati wa wanaume aliuliza habari za wanawake: je, chama kilikuwa na tawi lao? Swali hilo liliwakuta viongozi hawana jibu zuri. Wengi wao walitaka uhuru wa nchi, lakini hawakuwa tayari wake zao waonekane mkutanoni. Hapo ndipo walipomkumbuka Bibi Titi.

Tarehe 8 Julai 1955 akina mama wapatao 400 walikusanyika katika Ukumbi wa Arnautoglu, Dar es Salaam. Siku hiyo Bibi Titi alichaguliwa kuwa kiongozi wa tawi la wanawake la TANU, na Tatu binti Mzee akawa katibu wake. Bibi Titi alikuwa na miaka 29. Hakuwahi kuhutubia mkutano wa siasa. Alichokuwa nacho ni mazoea ya kusimama mbele ya watu na kuimba, na imani ya akina mama wa ngoma kwamba huyu ni mwenzao.

Akaanza nao. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, mmoja baada ya mwingine, akiwaeleza habari za chama kipya. Kiongozi akikubali, wanachama wake walimfuata. Kufikia Oktoba 1955, yaani katika muda wa miezi mitatu, wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha. Chama ambacho muda mfupi kabla hakikuwa na jibu juu ya wanawake, sasa kilikuwa na jeshi.

Kwa nini wanawake?

Inafaa tutulie kidogo tuelewe jinsi jambo hili lilivyofanya kazi, maana mara nyingi tunasema tu kwamba wanawake walichangia uhuru, bila kueleza kwa namna gani.

Serikali ya kikoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na siasa. Karani, mwalimu wa serikali au tarishi aliyeonekana na kadi ya TANU angeweza kupoteza kazi. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyekuwa akifundisha katika Shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, ilimbidi mwaka 1955 achague kati ya ualimu na siasa, akaacha ualimu. Si kila mtu aliweza kufanya hivyo, hasa mwenye watoto wa kulisha. Wanawake wengi wa mjini hawakuwa katika ajira ya serikali. Walipika na kuuza vyakula na vinywaji, walilima, walifuma mikeka. Hakuna bosi aliyeweza kuwafukuza. Waliweza kununua kadi, kuhudhuria mikutano, kutoa michango, kuwapokea na kuwalisha wageni wa chama, na kupeleka habari nyumba kwa nyumba.

Zaidi ya hayo, walikuwa tayari wamezoea kuvuka mipaka ya kabila na ukoo katika vikundi vyao. Umoja ambao viongozi waliuhubiri jukwaani, wao waliuishi uani na katika ngoma. Mwanahistoria Mmarekani Susan Geiger, aliyekaa na Bibi Titi na kuyasikiliza maisha yake, alichapisha mwaka 1997 kitabu kuhusu wanawake wa TANU kinacholionyesha jambo hilo waziwazi: wanawake hawa hawakuletewa uzalendo kutoka kwa wasomi wakaupokea tu, bali waliutengeneza pamoja nao.

Bibi Titi alisafiri sehemu nyingi za nchi akihutubia, mara nyingine pamoja na Mwalimu. Kwa watu wa miji na vijiji vingi, huyo ndiye aliyekuwa mwanamke wa kwanza waliyepata kumwona akisimama jukwaani kuzungumza habari za utawala wa nchi. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyezaliwa mjini Dar es Salaam, chenye mafumbo na utani, na kiliwafikia watu ambao hotuba za kisomi zisingewafikia. Na watu walipomtazama, Mwislamu wa pwani, amesimama bega kwa bega na Mwalimu, Mkatoliki kutoka Butiama, walikuwa tayari wameiona Tanganyika iliyokuwa ikizungumzwa.

Uhuru na majukumu yake

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka uliofuata ulianzishwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, na Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Alikuwa mbunge wa Rufiji, akapewa pia wadhifa wa waziri mdogo, akawa katika vikao vya juu vya chama.

Hakuwa peke yake. Katika miaka hiyohiyo Lucy Lameck, muuguzi aliyezaliwa Moshi na kusoma hadi Uingereza na Marekani, aliingia bungeni na kisha serikalini. Kule Kasulu, Mwami Theresa Ntare alikuwa tayari ameonyesha kwamba mwanamke anaweza kukalia kiti cha utemi. Kila mmoja wao alifungua mlango wake. Lakini Bibi Titi alifungua mlango kwa namna ya pekee, kwa sababu hakuwa na shahada wala hakuwa na kiti cha urithi. Alikuja na kile ambacho mama yeyote wa mtaani angeweza kuwa nacho.

Hapo ndipo tatizo la shule liliporudi. Kupigania uhuru kulihitaji sauti na moyo. Kuendesha serikali kulihitaji pia vyeti, mafaili na Kiingereza. Taratibu, wale waliojaza viwanja vya mikutano walianza kuwapisha wale waliojaza ofisi. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 Bibi Titi alishindwa katika jimbo la Rufiji na kupoteza kiti chake cha ubunge.

Azimio na kujiuzulu

Mwanzoni mwa mwaka 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini Arusha, makao makuu ya mkoa ambao wakati ule ulijumuisha pia Babati yetu, kabla Manyara haijawa mkoa unaojitegemea mwaka 2002. Azimio la Arusha likatangazwa tarehe 5 Februari. Sehemu yake moja iliweka masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, na asiwe na nyumba ya kupangisha.

Sharti hilo la mwisho lilimgusa Bibi Titi moja kwa moja. Kwa watu wa Dar es Salaam wa kizazi chake, nyumba ya kupangisha vyumba ndiyo iliyokuwa akiba ya uzeeni na urithi wa watoto. Kwa mwanamke asiye na vyeti wala pensheni ya kutosha, ilikuwa ndiyo kinga dhidi ya ombaomba. Hakukubaliana na sharti hilo, akajiuzulu nyadhifa zake.

Sisi tuliofundishwa mafundisho ya jamii ya Kanisa tunajua kwamba swali hili si rahisi. Mwalimu alihofia viongozi kujitajirisha kwa mgongo wa wananchi, na hofu hiyo ilikuwa ya haki; leo tunaona ni kwa kiasi gani. Bibi Titi aliona kwamba mtu kuwa na nyumba aliyoijenga kwa jasho lake si unyonyaji, na hilo nalo lina msingi, kwa kuwa Kanisa linatambua haki ya mtu kumiliki mali huku likitukumbusha kwamba mema ya dunia ni kwa ajili ya wote. Watu wawili wanaoipenda nchi moja wanaweza kutofautiana kwa dhati. Jambo la kuangalia ni nini kinatokea baada ya kutofautiana.

Kizimbani

Mwezi Oktoba 1969 Bibi Titi alikamatwa. Pamoja na Michael Kamaliza, aliyewahi kuwa waziri, na watu wengine wakiwemo maofisa wa jeshi, alishtakiwa kwa kosa la uhaini, yaani kula njama ya kuipindua serikali. Aliyetajwa kuwa kinara wa njama hiyo, Oscar Kambona, aliyekuwa waziri na Katibu Mkuu wa TANU, alikuwa uhamishoni London. Kesi ilianza Juni 1970 mbele ya Jaji Mkuu Philip Telford Georges, ikasikilizwa kwa siku 127. Ilikuwa kesi ya kwanza ya uhaini ya nchi yetu baada ya uhuru.

Mahakama ilimtia hatiani na kumhukumu kifungo cha maisha. Yeye alikana mashtaka, na hata miaka mingi baadaye aliendelea kusema kwamba hakuhusika. Sisi hatuna nafasi ya kuirudia kesi ile hapa, wala si nia yetu. Tunatazama tu yaliyompata mtu. Mwanamke aliyekuwa mwenyekiti wa wanawake wote wa nchi sasa alikuwa mfungwa. Ndoa yake ilivunjika, mumewe alimwacha. Marafiki walipungua. Jina lililokuwa likiimbwa kwenye mikutano likawa jina ambalo watu waliogopa kulitaja.

Mwaka 1972 Mwalimu Nyerere alitumia mamlaka yake ya urais kumsamehe, akatoka gerezani baada ya kufungwa miaka michache. Tendo hilo linastahili kutajwa. Lakini tuwe wakweli: kuachiwa huru ni jambo moja, na kurudishiwa heshima ni jambo jingine. Kwa karibu miaka 20 aliishi kimya Dar es Salaam. Vitabu vya shule viliendelea kusimulia habari za TANU, naye akiwa ametajwa kidogo au hakutajwa kabisa. Hapo methali ya fadhila ya punda ni mateke inauma.

Kukumbukwa tena

Mwaka 1991, nchi ilipoadhimisha miaka 30 ya uhuru, jina lake lilianza kutajwa tena hadharani kama shujaa wa uhuru. Alipofariki katika hospitali mjini Johannesburg, Afrika Kusini, akiwa na miaka 74, taifa lilimwomboleza kama mmoja wa waasisi wake. Barabara ikapewa jina lake. Tarehe 19 Machi 2021 Tanzania ilimwapisha Rais wake wa kwanza mwanamke, Samia Suluhu Hassan. Kati ya Ukumbi wa Arnautoglu na kiapo hicho ni karibu miaka 66, na njia hiyo ina nyayo za akina mama wengi.

Yanayotuhusu

Kwa nini habari hizi ziwe katika gazeti la waseminari? Tunaona sababu tatu.

Kwanza, tunahudumu kati ya wanawake. Ukienda kwenye jumuiya ndogondogo hapa Babati, iwe mjini au vijijini, utawakuta akina mama ndio wengi. Ndio wanaofagia kanisa, wanaotembelea wagonjwa, wanaochangisha na kuwalisha waseminari wakiwa likizo. WAWATA, iliyoadhimisha miaka 50 mwaka 2022, ni jeshi kama lile la Bibi Titi. Lakini mara ngapi tunawaita wakati wa kazi na kuwasahau wakati wa maamuzi? Kosa la viongozi wale ambao swali la John Hatch liliwakuta hawana jibu linaweza kuwa kosa letu pia.

Pili, Maandiko yametuonya. Wanawake ndio waliofika kwanza kaburini asubuhi ya Pasaka, na walipoleta habari, mitume waliona ni maneno ya upuuzi. Kanisa limemwita Maria Magdalena mtume wa mitume, na mwaka 2016 Baba Mtakatifu Fransisko aliipandisha kumbukumbu yake kuwa sikukuu. Hata Kanisa huchukua muda mrefu kumpa mtu heshima iliyo yake. Jambo la maana ni kwamba hatimaye humpa.

Tatu, ukweli haumshushi mtakatifu. Wapo wanaodhani kwamba ukimpenda Mwalimu hupaswi kuitaja kesi ya Bibi Titi, na wapo wanaodhani kwamba ukimhurumia Bibi Titi lazima umlaumu Mwalimu. Sisi hatuoni hivyo. Wale wanaochunguza maisha ya Mtumishi wa Mungu huyapima yote, mepesi na mazito, na utakatifu usioweza kustahimili ukweli haupo. Tunaweza kumwombea Mwalimu atangazwe mwenye heri, na wakati huohuo tukakiri kwamba mama aliyemjazia viwanja vya mikutano alibeba msalaba mzito katika nchi aliyoipigania.

Basi Novemba hii, mwezi ambao Kanisa huwaombea marehemu wote, tarehe 5 isipite kimya. Tunapowataja marehemu wetu wa ukoo na wa parokia, tumtaje pia Bibi Titi binti Mohamed, aliyemwomba Mungu kwa njia ya dini yake na kuitumikia nchi yetu sote. Na tukitoka kanisani, tumtazame mama anayebaki nyuma kupanga viti, tumuulize ana maoni gani kuhusu mambo ya kigango, kisha tumsikilize mpaka amalize.